Ngome ya Manjano Haikuwa Ndogo

Boksi lilikuwa na nambari 375. Ndani mlikuwa na vipande 767 vya plastiki na vijitu 14, na ukiunganisha kwa kufuata kijitabu unapata ngome: minara, daraja la kuinua mlangoni, na kuta za manjano kama ndizi mbivu. LEGO waliitoa mwaka wa 1978 kutoka Billund, mji mdogo wa Denmark ambako seremala Ole Kirk Christiansen alianzisha kampuni hiyo mwaka wa 1932. Wapenzi wa vitu hivi hawahangaiki na nambari. Ukisema tu Ngome ya Manjano, wanajua.

Sasa kuna watu wazima, wengine wana mvi na mkopo wa nyumba, ambao wameifanya kazi kuichukua ngome ile na kuijenga upya ikiwa kubwa. Si kubwa kidogo. Maelfu ya vipande, kila jiwe la ukuta limetokeza kivyake, jikoni kuna nyama kwenye moto, juu ya paa kuna kunguru, na ukiinama vizuri unaona hata panya. Nimetumia usiku mwingi, na bando nyingi, nikiziangalia. Nyingine zimeniacha mdomo wazi. Lakini ninazisoma kama ninavyosoma hadithi fupi iliyogeuzwa kuwa riwaya, na swali langu ni lilelile: aliyeirefusha alidhani nini kilikosekana?

Wengi, naona, walidhani ile ya kwanza ilikuwa ndogo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu huko ndiko ndoto ya uhalisia inakovunjika mapema. Kijitu cha LEGO, ambacho nacho kilizaliwa 1978 na mikono na miguu yake inayosogea, kina urefu wa sentimita 4 hivi. Tuseme ni mtu wa sentimita 170. Basi kila kitu kimepunguzwa mara 42 na ushee, na mnara wa mita 20 unatakiwa ufike karibu nusu mita kutoka mezani. Sawa, jenga. Shida inakuja mlangoni. Kiuno cha kijitu ni milimita 16. Kwa kipimo hichohicho huyo ni mtu mwenye kiuno cha upana wa sentimita 68, buda amejaa kama friji. Mlango ukiupima kwa urefu wake, hapiti kwa upana. Ukiupima kwa upana wake, kichwani panabaki pengo kama la ghala. Hakuna ngome kubwa inayoweza kukwepa hili, hata ukiwa na vipande laki moja. Ngome inaweza kukua lakini mtu wake hakui, na yeye ndiye kipimo cha kila kitu.

Ile ya 1978 haikuwa na tatizo hilo kwa sababu haikujifanya. Ilikuwa kama jukwaa la mchezo wa kuigiza: ukuta mmoja unasema "ukuta", mnara unasema "mnara", na wewe mtazamaji unamalizia. Farasi wake walijengwa kwa matofali, wana pembe nne kama meza. Farasi wa kipande kimoja, mwenye shingo na misuli, alikuja 1984. Ukimweka farasi wa matofali kando ya ukuta ambao kila jiwe limechongwa, anaonekana kichekesho. Kwa hiyo mpanuaji anamtoa. Akimtoa farasi inabidi abadilishe tandiko, halafu mkuki, halafu nyuso. Unaona inavyoenda. Kurekebisha kitu kimoja kunadai kingine, mpaka kile ulichokipenda ndicho pekee kisichokuwa na nafasi tena.

Hizo nyuso nataka nizikalie kidogo. Vijitu vyote 14 vya ngome ile vina uso mmoja: nukta mbili na tabasamu. Nyuso tofauti tofauti hazikuja mpaka 1989, na maharamia. Kwa hiyo hapa una vita ambamo pande zote zinatabasamu. Nembo kifuani zinatofautiana, lakini hakuna aliyechorwa makovu, hakuna aliyekunja uso. Adui ni nani? Leo ni yule, kesho ni huyu, inategemea mtoto ameamkaje. Katika hizi kubwa za kisasa mwizi ana meno mabovu na mfungwa ana machozi. Kazi safi, sikatai. Lakini hadithi imeshasimuliwa kabla sijafika, mimi nimeitwa tu kupiga makofi.

Halafu rangi. Hapa ndipo nina ugomvi wa kweli.

Jambo la kwanza ambalo wapanuaji wengi hufanya ni kuivua ngome manjano na kuivisha kijivu. Sababu yao ni moja: ngome za kweli ni za kijivu. Kuna simulizi inayorudiwa sana kati ya wajenzi, kwamba Godtfred, mtoto wa mwanzilishi, hakutaka matofali ya kijivu kwa wingi madukani kwa kuogopa watoto wangejenga vifaru na silaha za kivita. Manjano, kwa simulizi hiyo, ilikuwa njia ya kupata ngome bila kufungua mlango wa vifaru. Mwaka wa 1984 ikaja ngome ya kijivu, nambari 6080, na tangu hapo ya manjano ikaanza kutajwa kwa tabasamu la huruma, kama picha ya babu akiwa amevaa suruali pana za zamani. Wajenzi hawa wanachukua kijivu kwa uzito kweli kweli. LEGO walipokibadilisha kidogo tu kuelekea ubuluu, mwaka wa 2004 hivi, watu walilalamika kana kwamba wameibiwa.

Lakini kijivu ni cha nani? Ule mnara mkuu wa London unaitwa Mnara Mweupe kwa sababu Mfalme Henry III aliamuru upakwe chokaa, mwaka wa 1240. Kule Stirling, Scotland, ukumbi mkubwa wa ngome ulipokamilishwa kukarabatiwa mwaka wa 1999 ulipakwa rangi ya manjano ya dhahabu, kufuata dalili za jinsi ulivyokuwa enzi za wafalme wake. Ukiutazama kutoka mbali unawaka juu ya mwamba huku majengo jirani yakiwa ya rangi ya mvua. Wapo walioona ni kioja. Walikuwa wamezoea jiwe tupu, wakadhani jiwe tupu ndio ukweli wenyewe.

Jiwe tupu ni kile kinachobaki plasta ikishadondoka na wenye nyumba wakishakufa. Mtu anayejenga ngome ya kijivu, yenye nyufa na majani yanayotambaa ukutani, halafu anaweka mfalme ndani na karamu mezani, amewakaribisha watu hai kwenye gofu. Kijivu anachokiita uhalisia amekitoa kwenye filamu na kadi za watalii. Na mtoto wa Mombasa aliyepelekwa Fort Jesus na shule, akasimama chini ya zile kuta za rangi ya udongo na machungwa ambazo Wareno walizianza 1593, huyo hawezi kudanganywa kwamba ngome lazima iwe ya kijivu. Kwa hiyo pale mjenzi mmoja mmoja anapoipanua ngome ile na kuiacha manjano yake, kuta ndefu, mawe yametokeza, yote manjano, mimi ninasimama. Huyo amesoma. Ameona kwamba rangi haikuwa umaskini wa vipande. Ilikuwa msimamo, na kwa bahati ikawa karibu na historia kuliko walioicheka.

LEGO wenyewe nao wameingia kwenye mchezo huu. Mwaka wa 2022, wakisherehekea miaka 90, walitoa ngome kubwa ya kukumbuka zile za zamani, hasa ile ya 1984: nambari 10305, vipande 4,514, vijitu 22, na kwenye boksi wameandika 18+. Ni ya kijivu, bila shaka. Ina kinu kinachozungushwa na gurudumu la maji, ina lango la vyuma linaloshuka kutoka juu, ina maficho ya watu wa msituni, na anayetawala ni malkia, jambo ambalo lilichelewa sana. Ninaiheshimu kwa kitu kimoja ambacho wapanuaji wengi wa kujitegemea wamekisahau: bawaba. Inafunguka. Ngome ya Manjano pia ilifunguka. Ungeikunjua kuta zake na mkono ukaingia uani. Nimeona modeli nzuri ajabu, kazi ya miaka, zenye vyumba ambavyo hakuna mkono unaoweza kufika bila kuvunja paa. Kilichomo humo kinajulikana na mjenzi na kamera yake tu. Jina LEGO linatokana na maneno mawili ya Kidenishi yanayomaanisha "cheza vizuri", na sioni mtu akicheza vizuri, au vibaya, na kitu asichoweza kukifikia.

Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 400 kasoro senti. Kwa shilingi zetu hiyo ni elfu hamsini na kitu, kabla ushuru haujakuangalia. Bedsita ya miezi kadhaa. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza ninaongea nikiwa wapi. Mimi sina hata kipande kimoja cha ngome hizi. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili wa usanifu majengo, karo ilikataa, na kilichobaki mkononi ni kompyuta na tabia ya kukagua kuta za watu. Ninaandika ili nile. Na usiku ninajenga kwa Studio, programu ya bure ya BrickLink, lile soko la vipande la mtandaoni ambalo LEGO walilinunua 2019. Huko tofali halina bei. Ukitaka elfu kumi za manjano, bonyeza.

Nilidhani huo ni uhuru, na kwa wiki mbili za kwanza ulikuwa. Niliichukua 375 na kuanza kuivuta. Nikajifunza ujanja wa kulaza vipande ubavu: kibapa ni theluthi ya tofali, milimita 3.2, na vitano vikipandana vinafika 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayofanya mawe yatokeze ukutani, madirisha yakae ndani, nembo isimame bila gundi. Ni tamu kama kupata vina vinavyokubaliana bila kulazimishwa. Ukishaijua unaanza kuitumia kila mahali. Hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa wa hizi ngome kubwa kutoka ndani. Kila sehemu tupu ya ukuta inakuwasha. Unaona mita moja ya manjano matupu na mkono unaenda wenyewe kuweka ufa, mwenge, jani, kunguru. Krentz, aliyeibuni ile ya kwanza, alikuwa na boksi moja, na boksi likiisha limeisha. Kila kipande alichoweka kilimnyima kingine. Mimi sinyimwi kitu, kwa hiyo hakuna ninachochagua.

Binamu yangu anayelala kwangu siku hizi aliangalia skrini, akauliza, "Sasa hawa wanaenda choo wapi?" Swali halali. Wapanuaji wengi wangelijibu kwa chumba kizima, na ndoo, na mtu aliyechuchumaa, na tungecheka. Ngome za kweli zilikuwa na vyoo vilivyotokeza nje ya ukuta, kinyesi kinaanguka kwenye handaki, kwa hiyo hata historia ingekuwa upande wake. Nilikijenga. Kilikaa vizuri upande wa kaskazini, vinundu viwili kwa vitatu. Siku ya pili nikakitoa, kwa sababu kila aliyeiona ngome aliuona mchezo huo kwanza na mwisho, na mlango mkubwa hakuna aliyeuangalia.

Kwa sasa kuta zimefika urefu ninaoutaka, zote manjano, na mawe yaliyotokeza nimeyaacha kwenye pembe na chini tu. Farasi ni wa matofali; nimemkuza kidogo, bado ana pembe nne. Nyuso ni zilezile. Bawaba mbili za nyuma zinafanya kazi kwenye skrini, ingawa kwa uzito huu sijui plastiki ya kweli ingesemaje. Mlango bado. Nimeujenga mara sita, vinundu vitatu, kisha vinne, kisha vitatu tena, na yule jamaa wa sentimita 4 amesimama mbele yake akitabasamu.