Saa Inayoonekana Kama Imekufa

Ukitaja Seiko 6139 ya manjano, mtu atakuletea stori ya angani. Ni kweli, mwanaanga William Pogue alikuwa nayo Skylab kuanzia mwaka 1973 hadi 1974, siku 84 nzima. Lakini stori hiyo imeharibu macho yetu. Tunaiangalia saa kama cheti.

Ya abti wangu haijaenda angani. Ilitoka Jeddah ikaja Iftin, na kidirisha chake cha siku kinasoma Kiarabu au Kiingereza, unachagua mwenyewe. Kinachonishika ni mkono mrefu wa katikati. Saa nyingi zina mkono wa sekunde unaokimbia usiku na mchana. Hii haina. Huo mrefu ni wa kupimia muda tu; usipobonyeza kitufe cha juu, umesimama pale kwenye 12, kimya. Mgeni anauliza kama betri imeisha. Betri iko wapi? Saa hii ya 1969 inajijaza kwa mwendo wa mkono wako. Waliounda wangeweza kuongeza kamkono kadogo ka sekunde, wakaacha. Chini kuna duara moja la dakika 30, basi. Linganisha na kronografu za siku hizi zilizojaa viduara kama dashibodi ya matatu.

Pete ya nje nayo si mapambo. Bonyeza ukipita kibao cha kilomita, bonyeza tena kwenye kinachofuata. Mkono ukisimama sekunde ya 36, namba iliyo mbele yake ni 100: ndiyo spidi yako. Sekunde 45, ni 80. Barabara ya Garissa kwenda Mwingi imenyooka vya kutosha kwa mchezo huu, ila hesabu inadhani mwendo haubadiliki. Ngamia wakivuka, anza upya.

Kasoro ipo. Huwezi kuijaza kwa kuzungusha kile kidude cha pembeni. Chenyewe kimezama kwenye bodi, na ukikizungusha kinageuza pete ya ndani tu. Ukiiacha mezani siku kadhaa, uitikise kama chupa ya dawa. Na rangi ya kung'aa gizani ilishakufa. Iftin maana yake nuru, lakini stima ikipotea hapa mtaani, saa hii haikusaidii chochote.

Sasa binamu yangu anataka kuibadilisha uso. Mtandaoni zinauzwa nyuso mpya za manjano kali, na anasema wanunuzi wa Nairobi watalipa poa. “Hiyo kahawia ni uchafu tu, mse.” Sio uchafu. Jua limekula rangi polepole, pembeni zaidi kuliko katikati, na uso mpya utakuwa na kila kitu isipokuwa hiyo miaka. Mimi ningemuuzia mtu saa iliyochakaa kabla ya kumuuzia saa iliyovaa uso wa mwingine.

Fundi wa Soko Mugdi ameambiwa asafishe mashine, atie mafuta, uso asiuguse. Binamu bado hajakubali.