Kilio kimepungua. Maumivu je?

Mtoto wa wiki 14 akifika kliniki, iwe Rungwe au Kilolo, anasubiriwa na sindano tatu: penta, nimonia, na ile ya polio iliyoingia kwenye ratiba yetu mwaka 2018. Mama anaambiwa amshike vizuri. Kuhusu maumivu, mara nyingi utasikia tu "atanyamaza".

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu ya chanjo, na kwa kweli ni mzuri. Mtoto apakatwe. Mchomaji asivute bomba nyuma kutazama damu. Sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Na mtoto anyonyeshwe wakati wa kuchomwa au muda mfupi kabla. Dawa ya ganzi ya kupaka haikupendekezwa kwa chanjo za kitaifa, gharama na muda vikiwa sababu. Parasetamo ya kutanguliza? Nayo hapana.

Sasa, tunajuaje ziwa linasaidia? Uchambuzi wa Cochrane wa 2016 ulikusanya majaribio 10 yenye watoto 1,066: waliokuwa wakinyonya walilia pungufu kwa wastani wa sekunde 38. Ona kilichopimwa: kilio. Mwaka 2010 Rebeccah Slater na wenzake, London, waliwapa vichanga maji ya sukari kabla ya kutobolewa kisigino, wakapima pia umeme wa ubongo. Nyuso zilitulia, lakini ubongo uliitikia maumivu kama wa wale waliopewa maji matupu. Ndiyo maana ukiniambia sukari ina majaribio 74 nyuma yake, sitetemeki. Wingi hauondoi kasoro ya kipimo. (Na usije ukakoroga sukari nyumbani!)

Ziwa nalitetea hata hivyo. Halinunuliwi, na mama kaja nalo. Ugomvi wangu na mwongozo ni kwamba umeandikwa kana kwamba kila mama ana kiti na dakika tano. Mbeya ya Julai mtoto kavaa sweta juu ya sweta. Paja halijaonekana bado, nesi anaita mwingine, na foleni nyuma inaguna. Katika hali hiyo kinachokatwa kwanza ni kunyonyesha.

Kwa hiyo usisubiri uitwe. Akibaki mtu mmoja mbele yako, mvue suruali, mfunike kwa khanga, mpe ziwa. Ukiingia sema, "Nesi, samahani, bado ananyonya, naomba umchome hivihivi." Akihofia mtoto kupaliwa, mtoe kwenye ziwa pale pale, umkumbatie, achomwe.