Mia ya Kigiriki na Mosi ya Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na neno mia katika matini ya Kigiriki ya Agano Jipya, yampasa kwanza aisahau mia yake mwenyewe, ambayo asili yake ni Kiarabu na thamani yake ni kumi mara kumi. Mia ya Kigiriki ni moja. Tena ni moja ya jinsia ya kike. Wainjili wote wanne, waelezapo alfajiri ya kaburi tupu, huitaja siku hiyo kwa msemo mia tōn sabbatōn, au kwa msemo uliokaribiana nao sana (Mathayo 28:1, Marko 16:2, Luka 24:1, Yohana 20:1).

Msemo huu ukifasiriwa neno kwa neno, hutoa “moja ya sabato”. Ndiyo sababu wako waliodai kwamba siku inayotajwa ni sabato mojawapo. Dai hili si dogo, kwani linagusa ugomvi wa tangu zamani juu ya siku ya ibada. Hata hivyo, sarufi hailikubali. Nomino sabbaton si ya kiume wala ya kike. Ni ya jinsia ya tatu, na moja yake ingekuwa hen. Mia hupatana na nomino ya kike isiyotamkwa, nayo ni hēmera, yaani siku. Kwa Mswahili jambo hili si geni: asikiapo “kimoja” pasipo nomino, hujua papo hapo kwamba hakuelezwa mtu wala mti. Zaidi ya hayo, sabbaton ilikwisha kupanuka hata ikawa na maana ya juma zima. Farisayo wa Luka 18:12 hufunga mara mbili kwa sabbaton. Hapana shaka hakufunga mara mbili katika siku moja.

Lakini kwa nini mia, wala si prōtē, ambalo ndilo neno la Kigiriki la “kwanza”? Jibu liko katika lugha za Kisemiti. Katika Mwanzo 1:5 Kiebrania huiita siku ya kwanza kwa neno la idadi, ehad, na wafasiri wa Kigiriki wakaandika mia. Siku zifuatazo ndizo zilizopewa maneno ya mfuatano. Marko 16:9 nayo, iliyomo katika hitimisho lisilopatikana katika miswada mikongwe ya Sinaiticus na Vaticanus, huandika prōtē. Yeyote aliyeiandika aya hiyo, aliielewa mia kuwa ni ya kwanza.

Wafasiri wa Kiswahili wamefuata njia mbili. Katika Mathayo 28:1, tafsiri ya Muungano ya 1952 huihesabu siku: ni siku ya kwanza ya juma. Tafsiri ya Habari Njema huitaja kwa jina: Jumapili. Zote mbili ni sahihi, na zote mbili zina kasoro. Majina ya Kiswahili huanza hesabu baada ya Ijumaa. Kwa hesabu hiyo siku ya kwanza ni Jumamosi, ndiyo sabato yenyewe ambayo mwinjili asema imekwisha kupita. Kwa upande wa pili, Jumapili humpeleka msomaji kwenye siku iliyokusudiwa, lakini humpa pili mahali pa mosi, na mwangwi wa Mwanzo 1:5 hupotea.

Ajabu ni kwamba Kiswahili chenyewe kina ufunguo. Juma lilikuwa jina la siku ya sala, kisha likawa jina la siku saba, sawasawa na sabbaton. Mosi ni neno la idadi linalotumika kwa maana ya kwanza, kama katika tarehe mosi, sawasawa na mia. Kwa muundo wake, basi, Jumamosi ni ndugu wa mia tōn sabbatōn, ingawa ni siku nyingine. Hata hesabu ya Kisemiti haikukosa kuacha alama: Alhamisi ni ya tano kwa Waarabu, ambao huanza na al-ahad, yaani moja, nayo ni Jumapili. Ndiyo maana tano mbili hufuatana katika juma la Mswahili, Jumatano na Alhamisi. Kila moja ni ya hesabu yake.

Kwa sababu hiyo, katika masimulizi ya ufufuo ingefaa zaidi kuandika “siku ya kwanza baada ya sabato”. Msemo huu huitunza idadi, hutaja mahali hesabu inapoanzia, wala haugombani na majina ya siku. Katika 1 Wakorintho 16:2, panapohusu desturi ya kila juma, msemo huo ungekuwa mzito, na jina Jumapili lingetosha. Mfasiri hapaswi kuchagua neno moja kwa mahali pote. Bali apime kila mahali ni kipi kisichostahili kupotea, siku au hesabu yake.