Chenga, Chembe na Vigae: Juu ya Kupima Picha na Sauti za Filamu Kongwe

Jioni moja mjini Kahama, mkoani Shinyanga, tulitazama nakala mbili za filamu moja, nayo ni The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kutolewa mwaka 1951. Nakala ya kwanza ilikuwa diski ya mtaani iliyosongwa filamu nane. Ya pili ilikuwa toleo la Blu-ray lililotoka Marekani mwaka 2010. Mwenyeji wetu, mchimbaji mwenye hisa katika duara moja la dhahabu kule Kakola, alizitazama zote mbili kwa makini, kisha akatoa hukumu yake: "Mwalimu, hii ya pili ina chenga. Ile ya kwanza ndiyo safi."

Hukumu hiyo ilikuwa kinyume cha ukweli. Hata hivyo, kosa halikuwa la macho yake, kwani aliona sawasawa. Kilichompotosha ni neno.

Chenga, kama ajuavyo kila mpishi, ni vipande vya mchele uliovunjika. Katika zama za televisheni ya analojia wananchi walilichukua neno hilo wakaziita zile nukta nyeupe zinazotapakaa kiooni pindi mawimbi yanapokuwa dhaifu. Ulikuwa uteuzi mzuri ajabu, tena uliofanyika bila kamati wala semina. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2012, Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, chenga hizo zimetoweka. Siku hizi picha ya matangazo huganda au hukatakata. Jina limebaki bila mwenyewe, nalo limeanza kuzurura. Kila doa lionekanalo kiooni sasa huitwa chenga, na kila picha isiyo na doa huitwa safi. Kwa maneno mawili hayo hatuwezi kuhakiki filamu kongwe.

Tuangalie alichokiona mwenyeji wetu. The African Queen ilipigwa kwa kamera ya Technicolor, ambayo ilipitisha kwa wakati mmoja negativi tatu zisizo na rangi: moja ikipokea mwanga mwekundu, ya pili wa kijani, ya tatu wa bluu. Picha iliyomo katika negativi hizo imefanyika kwa chembe za madini ya fedha. Chembe hizo si uchafu uliokaa juu ya picha. Ndizo picha yenyewe, kama vile nyuzi zilivyo ndizo kitambaa. Kwa ajili ya toleo la 2010 negativi hizo tatu zilisomwa upya kwa mitambo ya dijitali na kulinganishwa hata zikaoana, kwa maana filamu ikizeeka kila ukanda husinyaa kwa kiasi chake, na rangi huanza kupishana kwenye kingo za nyuso na nguo. Kazi hiyo ilipofanywa vizuri, chembe zikaonekana. Kwa hiyo mwenyeji wetu aliilaumu nakala bora kwa sababu ya ubora wake.

Na ile ya kwanza? Uso wa Katharine Hepburn, ambao hadithi yote inautaka uonekane umechoshwa na jua, mbu na tope, ulikuwa laini kama uliopakwa mafuta. Matete ya mtoni, kila mashua ilipoyapita, yaligeuka miraba midogo iliyorukaruka. Miraba hiyo hutokea habari za picha zinapobanwa kupita kiasi ili filamu nyingi zienee katika diski moja. Kuiita nayo chenga ni kuchanganya magonjwa mawili yasiyo na dawa moja. Twapendekeza iitwe vigae, kwa kuwa yafanana na chungu kilichovunjika. Chembe liwe jina la zile za filamu yenyewe. Na chenga libaki pale lilipozaliwa, katika mawimbi dhaifu.

Wenyeji wa Geita na Kahama hawahitaji kufundishwa faida ya kutenga majina. Kwenye mialo yao mchanga uliokwisha kuoshwa hauitwi taka. Huitwa marudio, kwa sababu kila mtu ajua kwamba dhahabu ingalimo, na wapo wanaoununua ili wauchenjue tena kwa sayanaidi. (Mtangazaji wa televisheni naye ana marudio yake, lakini hakuna aliyewahi kuyachanganya hayo mawili.) Mtambo wa kulainisha picha huosha vivyo hivyo: huondoa chembe, na pamoja nazo huondoka mikunjo ya ngozi na majani ya miti. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa diski hapewi marudio akayachenjue upya.

Ndiyo sababu hatuliafiki neno kusafisha kwa kazi yote ya namna hii. Kuondoa vumbi na mikwaruzo ni kusafisha. Kulinganisha negativi na kurudisha rangi ni ukarabati. Kufuta chembe ni kulainisha, na anayefanya hivyo aseme hivyo. Tena kuna kasoro ambazo fundi mwema huziacha zilivyo. Sehemu kadhaa za filamu hii zilipigwa studio nchini Uingereza, si Kongo wala Uganda, na ndani yake watu huonekana kama waliobandikwa juu ya mto. Hilo ni la watengenezaji wa mwaka 1951. Diski haina hatia.

Katika sauti hatari ya kuhukumu vibaya ni kubwa zaidi. Filamu huanza katika kanisa la kijijini, Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1914, koloni ambalo Shinyanga na Geita zilikuwa ndani yake. Waumini wanaimba kwa kelele zisizoshikamana, na honi ya mashua inaingilia kati. Anayepima sauti kwa dakika hizo ataandika "mbovu", kumbe vurugu hiyo ilikusudiwa. (Kwamba ilikusudiwa kuwadharau waumini hao ni neno jingine, na mhakiki asilifumbie macho.) Nakala ya mtaani ilikuwa imeondolewa mvumo wa nyuma, ikasikika tulivu, lakini chujio lililoondoa mvumo liliondoa pia ncha za s, f na sh, maana konsonanti hizo zenyewe ni mivumo. Mwalimu atakayeitumia darasani atadhani wanafunzi wake hawana masikio.

Jambo la urefu wafaa walijue hasa watumishi wanaoandaa orodha za maktaba. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde; diski nyingi za mfumo wa televisheni wa PAL huikimbiza kwa picha 25. Dakika 105 huwa karibu 101, na sauti za watu hupanda juu kidogo. Hapo aliyeandika "imekatwa dakika nne" amekosea. Imeharakishwa.

Limebaki suala ambalo hatuna jibu lake kamili. Katika vibanda vya video vya ukanda huu, filamu za kigeni zilifahamika kwa midomo ya wasimulizi kama Lufufu, aliyevuma nchini kote, ambao maneno yao ya Kiswahili huwekwa juu ya sauti ya asili. Wauzaji huziita filamu zilizotafsiriwa. Mfasiri aliyezoea kushika matini atakunja uso, kwani msimulizi huongeza, hutania, na hata hueleza yasiyosemwa na mtu yeyote kiooni. Tukiipima nakala ya namna hiyo kwa kipimo cha sauti ya asili, tutaikuta imeharibika. Tukiipima kwa usimulizi wake, twaweza kuikuta kazi timamu. Kwa maoni yetu fomu ya uhakiki iwe na nafasi mbili, moja ya sauti ya filamu na moja ya sauti ya msimulizi. Mwenyeji wetu wa Kahama alipoulizwa angejaza nini katika ile ya pili kwa diski yake ya filamu nane, alicheka: humo msimulizi hakuwamo, na ndiyo sababu aliinunua kwa bei ya chini.