Dabbe, Mumiani na Kazi ya Mfasiri

Filamu ya Dabbe, iliyotolewa nchini Uturuki na Hasan Karacadağ mwaka 2006, yastahili kuangaliwa na wenye kushughulika na Kiswahili, ingawa haina neno la Kiswahili ndani yake. Jina lake latokana na dabba, yule mnyama wa ardhini atajwaye katika Sura An-Naml, aya ya 82, ambaye atawasemesha watu. Karacadağ amemtoa ardhini akamtia katika intaneti. Watu waanza kujiua, na majini wapata njia. Mpango wa hadithi umeazimwa, tena bila haya, kwa Kairo, filamu ya Mjapani Kiyoshi Kurosawa ya mwaka 2001. Walakini pale Mjapani alipoweka upweke wa wafu, Mturuki ameweka Kiama, wala badiliko hilo si dogo: mtazamaji Mwislamu haambiwi jambo jipya, akumbushwa tu aliyoyasikia chuoni.

Udhaifu wake ni kwamba mtambo hauna kazi ila kuwa mlango. Ingewekwa simu ya waya mahali pake, hadithi isingepungukiwa na kitu.

Kiswahili kina mfano uliotangulia, nao umeungana barabara zaidi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaeleza mumiani kuwa dawa nyeusi kama ulimbo, ambayo watu husadiki kuwa ni damu ya binadamu. Katika masimulizi ya enzi ya ukoloni, mumiani ni mtu, naye ana gari, sindano, pengine hata vazi la zimamoto. Dawa imegeuka mtu, na mtu huyo hatengeki na chombo chake.

Sasa na afikiriwe mfasiri wa kibanda cha video huko Mbinga, au chini ya milima, Mbamba Bay na Liuli, ambako watazamaji aghalabu ni Wakristo. Afanyeje na dabba? Akisema "mnyama", wengi watamkumbuka mnyama wa Ufunuo wa Yohana, na kosa si kubwa. Akisema "jini", ataeleweka, ila Kiama kitapotea. Akisema "mumiani", kibanda kizima kitashtuka mara moja, na hapo atakuwa amekosea vibaya. Jini hakamatwi. Mumiani hukamatwa: ni mgeni, ana daftari na vyombo, amefika kwa gari. Oktoba 2016, huko Iringa-Mvumi, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu. Mwaka uliofuata, katika Mulanje na Phalombe, kusini mwa Malawi, uvumi wa namna hiyo uliua watu kadhaa, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake wilayani humo.

Karacadağ, pamoja na uazimaji wake wote, hakumpa adui sura ya mpita njia. Si haki ya mfasiri kumpa. "Mnyama" latosha. Likionekana dogo, dabba na abaki na jina lake, pamoja na maelezo ya sentensi moja kabla taa hazijazimwa.