Mdomo Laini: Namna ya Kumtambua Mbwa Mchanga Aliyefunzwa Vizuri

Kila aliyefuga mbwa anaikumbuka ile wiki ya kwanza. Mgeni ameletwa ndani ya boksi, watoto wamemshangilia, na jina limepatikana kabla ya magharibi. Siku ya tatu pindo la kanga ya mama limechanika, ndala moja haionekani, na mtoto mdogo ana mikwaruzo mikononi na hataki tena kushuka kwenye kiti. Hapo ushauri unaanza kumiminika kutoka kwa majirani: mzabe kibao cha pua, mbane mdomo, mfungie bandani, mrudishe ulikomtoa.

Nimefuga mbwa kwa miaka mingi na nimewaona waliopita mikononi mwa walimu wa kila aina. Kumfunza mbwa mchanga ni ufundi, kama useremala na ushonaji, na ubora wake unaonekana kwa macho ukishajua pa kutazama. Fundi mbaya naye humfanya mbwa aache kung'ata. Kinachowatofautisha ni hali anayomwacha nayo mbwa huyo: kuna anayeacha kung'ata kwa sababu ameelewa, na kuna anayeacha kwa sababu anaogopa. Huyu wa pili ndiye atakayekuja kumuumiza mtu.

Swali la kwanza la mwalimu

Mwalimu mzuri, kabla hajamgusa mbwa, huuliza mambo mawili: ana wiki ngapi, na alitengwa na mama yake akiwa na wiki ngapi.

Anauliza hivyo kwa sababu somo la kwanza la mdomo hutolewa na ndugu. Mbwa mchanga ana meno 28 ya utotoni, membamba na makali kama sindano, huku taya lake bado halina nguvu. Akimng'ata nduguye kupita kiasi, nduguye hulia na kuacha kucheza. Akimng'ata mama, mama huinuka na kuondoka. Baada ya kupoteza mchezo mara kadhaa, mtoto huanza kupima nguvu za meno yake. Somo hilo linahitaji muda, ndiyo maana mfugaji makini hamtoi mtoto kwa mama kabla ya wiki ya nane. Ukimnunua kando ya barabara akiwa na wiki tano, umemchukua mwanafunzi katikati ya darasa, na sehemu iliyobaki utaifundisha wewe.

Muda wenyewe haungoji. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliowachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kuwa kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mbwa hujifunza kwa wepesi mkubwa nani wa kumzoea na nani wa kumwogopa. Kisha, akiwa na miezi mitatu hadi minne, meno ya utotoni huanza kung'oka, na kufikia mwezi wa saba kwa kawaida ameshapata meno yote 42 ya ukubwani. Udongo uwahi ungali maji. Anayekuambia ungoje afikishe mwaka ndipo aanze kufunzwa hajui kazi.

Tazama mikono

Nilipata kumtazama mama mmoja mjini Moshi akimfunza mbwa wa wiki kumi. Alichuchumaa uani, akafumba dagaa wakavu watatu kwenye kiganja, akaiweka ngumi karibu na ardhi. Mbwa akaivamia: akaitafuna kwenye vifundo vya vidole, akaiparua kwa makucha, akabweka. Mkono haukutikisika, wala mama hakusema neno. Mbwa akaanza kuiramba. Mkono ukabaki vile vile. Mwishowe akarudisha pua nyuma, akakaa kitako, akamtazama mama usoni. Kabla sijapepesa macho, kiganja kilikuwa wazi na dagaa mmoja ameshaliwa. Walirudia. Mara ya sita mbwa hakung'ata kabisa. Alikuja, akakaa, akangoja.

Katika dakika tano zile ufundi wote ulikuwepo. Kwanza, mkono haukukimbia. Mkono unaochomolewa kwa ghafla huwa kama panya anayetoroka, na mbwa mchanga ameumbwa kukifuata kinachotoroka. Pili, zawadi ilifika papo hapo. Mbwa huunganisha tendo na tokeo lake ndani ya sekunde moja au mbili; mwalimu anayeanza kupekua mfukoni akitafuta kipande cha nyama ameshachelewa, na huenda akawa anamtuza mbwa kwa kuinuka. Tatu, mama alitulia. Hakuna kelele iliyogeuza somo kuwa mchezo.

Sikiliza na sauti pia. Wapo wanaofundisha kuwa ukiumwa ulie kama mtoto wa mbwa. Kwa baadhi ya mbwa hufaa, lakini wengine wakisikia mlio huo hupandwa na mori na kung'ata zaidi. Mwalimu mwenye jicho hujaribu mara moja, akaona jibu la mbwa aliye mbele yake, na likiwa baya akabadili njia: anasimama, anatoka, anafunga mlango kwa nusu dakika, kisha anarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Nusu dakika inatosha. Akimfungia nusu saa, mbwa atakuwa ameshasahau kosa.

Mwalimu huyo pia hujua kusoma uchovu. Mbwa mchanga hulala saa nyingi sana kwa siku, hata kumi na nane. Jioni, watoto wakirudi kutoka shule na kuanza kukimbizana naye, utamwona anapagawa, anazunguka ua mzima na kurukia vifundo vya miguu. Asiyejua humwita mkaidi. Anayejua humpeleka mahali penye giza na utulivu akalale.

Pima mdomo

Kuna ngazi za ubora hapa, na zina mpangilio. Kwanza nguvu ya kung'ata hupungua, halafu mara za kung'ata hupungua, na mwisho meno hayagusi ngozi wala nguo. Daktari wa mifugo Ian Dunbar, Mwingereza aliyefanya kazi California, ni miongoni mwa walioueneza sana mpangilio huu, na sababu yake ni ya msingi. Mbwa aliyekatazwa kabisa kutumia mdomo tangu siku ya kwanza hakupata nafasi ya kujua nguvu za taya lake. Siku akikanyagwa mkia gizani, ataumia, atageuka, na atang'ata kwa nguvu zake zote. Aliyejifunza kupima, hata akishtuka, huacha alama ya mate tu.

Katika nyumba nyingi za Waislamu hapa pwani, ute wa mbwa ni najisi na mbwa hakai ndani. Nyumba kama hizo zina haki ya kudai kuwa mdomo usimguse mtu tangu mwanzo. Njia ipo: mbwa abaki na ndugu zake hadi wiki ya nane au ya tisa ili somo la nguvu limalizike kwao, na akifika kwako kila anapofungua mdomo akutane na kitu chake mwenyewe. Kitambaa kilichofungwa mafundo, kikalowekwa maji na kugandishwa kwenye friji, hutuliza fizi zinazowasha wakati meno yanabadilika.

Tazama nyumba nzima

Kazi ya mwalimu bora haiishii kwa mbwa. Huwaita wote waliomo nyumbani, pamoja na dada wa kazi na mlinzi wa getini, awape neno moja. Nyumba nyingi zina maneno matano: baba anasema "stop", mama "acha", watoto "wacha bwana", dada "toka!", na mlinzi anacheka huku akimng'atisha mbwa mkono wa koti ili awe mkali. Mbwa wa nyumba hiyo hana kosa. Chagueni "acha", liseme kila mtu, kwa sauti ile ile.

Mlinzi huyo aelezwe kwa heshima kuwa ukali wa kutengenezwa haulindi nyumba. Mbwa aliyelishwa pilipili, akafungiwa gizani na kuchokozwa kwa fimbo hawezi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mlinzi mzuri wa baadaye ni mbwa aliyewazoea watu wema wengi, ndipo akatambua asiye wa kawaida.

Kasoro zinazofichwa

Wakati fulani mwenzangu alimpeleka mbwa wake kwa mwalimu kwa mwezi mzima. Alirudi akikaa kwa amri, akilala kwa amri, hagusi mtu kwa meno. Tulimsifu. Kisha nikainua mkono kutengeneza kofia yangu, na mbwa akajibana chini, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu, weupe wa jicho ukionekana. Hakuhitaji kusema alichofanyiwa.

Hizo ndizo alama za kazi mbovu, pamoja na kupiga miayo bila usingizi na kulamba midomo pasipo chakula. Kubwa kuliko zote ni ukimya. Mngurumo ni kengele: mbwa anakwambia "nimefika mwisho". Anayempiga mbwa kila anapounguruma huiondoa kengele na kuuacha moto. Usimkubali mwalimu anayejisifu kuwa mbwa wake hawaungurumi kamwe.

Jifunze pia kutenganisha mchezo na hasira. Anayecheza ana mwili mlegevu, kifua chini, makalio juu. Anayekakamaa juu ya bakuli la chakula na kukukodolea macho anahitaji daktari wa mifugo na mwalimu mzoefu, mapema.

Na kuna jambo lisilo la mafunzo kabisa. Mbwa achanjwe kichaa cha mbwa, kwa kawaida kuanzia miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa ratiba ya daktari. Jino likitoboa ngozi, hata la mbwa mchanga mzuri, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya bila kungoja. Dalili za ugonjwa huo zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

Siku ya kumchukua

Ukienda kumchukua mbwa wako kwa mwalimu, usiridhike na kuonyeshwa anavyokaa na anavyotoa mkono. Mwombe mwalimu asogee pembeni, uchuchumae, unyooshe kiganja kitupu na ungoje kimya. Inua mkono wa pili taratibu juu ya kichwa chako. Mbwa akija mwenyewe, mkia ukiyumba, akakunusa na kukaa mdomo ukiwa umelegea, mlipe mwalimu fedha yake yote na umshukuru. Akibaki kwenye kona, mchukue mbwa wako urudi naye nyumbani, uanze upya kwa ngumi na dagaa watatu.