Walezi wa Mvuke

Kila mwisho wa wiki, tangu majira ya joto hadi majani ya vuli yanapogeuka rangi, magarimoshi ya kale hupakia abiria katika miji midogo ya Wisconsin, Iowa, Illinois, Indiana, Ohio na Michigan, kwenye uwanda wa mashamba wa Marekani ya kati. Safari zenyewe aghalabu ni fupi. Huko North Freedom, Wisconsin, makumbusho ya Mid-Continent huendesha treni kilomita 11 hivi, kwenda na kurudi, juu ya tawi la reli lililojengwa mwaka 1903 kufuata machimbo ya chuma. Abiria hurudishwa palepale alipopandia. Na katika safari zinazovutwa kwa mvuke, alichokifuata si mwisho wa njia, bali ni ufundi unaolivuta garimoshi: ufundi wa kulea injini ya mvuke.

Ufundi huo ulikaribia kutoweka. Kiwanda cha Lima Locomotive Works, katika mji wa Lima, Ohio, kilitoa injini yake ya mwisho ya mvuke mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 kampuni za reli zilihamia dizeli. Injini nyingi zilikatwa vyuma chakavu. Chache zilipewa miji ziwe mapambo ya bustani. Injini namba 765 ya reli ya Nickel Plate, iliyoundwa Lima mwaka 1944, iliwekwa katika bustani ya Fort Wayne, Indiana, mwaka 1963. Huko ilisimama ikinyeshewa mvua. Mwaka 1972 wenyeji waliunda chama cha kuitunza, miaka miwili baadaye wakaitoa bustanini, na mwaka 1979 ikatembea tena kwa moto wake yenyewe. Kwa namna hiyohiyo, wapenzi wa reli wa Boone, Iowa, walinunua mwaka 1983 kipande cha njia kilichokuwa kimeachwa, pamoja na daraja lake lenye kimo cha mita 48 hivi, na mwaka 1989 wakaagiza injini mpya ya mvuke kutoka China, ambako kazi hiyo ilikuwa bado hai.

Injini baridi haiamshwi kwa pupa. Siku moja kabla ya safari, moto mdogo wa kuni huwashwa tanurini na kuachwa utambae. Chuma hutanuka kinapopata joto, na boila ina mabomba na boliti kwa mamia. Sehemu moja ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma, viungo hulegea na maji huanza kuvuja. Kwa hiyo moto hulishwa kidogo kidogo, kuni zikifuatwa na makaa ya mawe. Wakati huo mafuta hutiwa katika kila kiungo cha mikono ya chuma inayozungusha magurudumu. Njiani, treni inaposimama, fundi huweka kiganja juu ya beringi moja baada ya nyingine. Yenye uvuguvugu i salama. Inayounguza inadai mafuta.

Kwenye injini ndogo makaa hutupwa kwa koleo, na kutupa huko kuna elimu yake. Koleo hupinduliwa mlangoni mwa tanuri ili makaa yatawanyike na kuwa tabaka jembamba, hasa pale panapong'aa kupita pengine, maana ndipo moto ulipopungua unene. Moshi mweusi mzito huonyesha makaa yameizidi hewa. Wa kijivu hafifu huonyesha moto unakula vizuri. Mchochea moto huujua mlima kabla haujafika, akaandaa mvuke mapema.

Jukumu zito kuliko yote ni maji. Paa la chuma la tanuri lazima lifunikwe na maji wakati wote, nayo kina chake husomwa katika mrija wa kioo. Maji yakishuka chini ya paa, chuma hulainika na mvuke hukipasua. Jambo hilo lilitokea Pennsylvania mwezi Juni 1995, na wafanyakazi watatu waliungua. Sheria za shirikisho zilizofuata, ambazo zilianza kutumika mwaka 2000, zinataka boila ifunguliwe na kukaguliwa yote baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litakalotangulia. Unene wa bati hupimwa hatua kwa hatua, na sehemu iliyoliwa na kutu hukatwa na kuwekwa nyingine. Vipuri havipo dukani. Kalibu huchongwa kwa mbao, chuma kikasubiwa, kisha kikakerezwa kufuata michoro ya kale. Matengenezo ya namna hiyo yanaweza kuchukua miaka, na mikono mingi inayoyafanya ni ya watu wa kujitolea.

Baada ya kazi hiyo yote ndipo safari huwa nyepesi. Treni hupita kati ya mashamba ya mahindi na soya, na maghala marefu ya nafaka huonekana kabla ya mji. Kila barabara inapokatiza reli, dereva hupiga filimbi: ndefu mbili, fupi moja, kisha ndefu. Katika baadhi ya safari abiria hushushwa kondeni, treni ikarudi nyuma na kuwapita kwa kasi ili waipige picha, ardhi ikitetema chini ya nyayo zao.

Jioni moto huachwa ufe, majivu yakakokotwa nje, na boila ikaachwa ipoe polepole kama ilivyopashwa. Mkongwe humwonyesha mwanagenzi pa kugusa na pa kusikiliza, kwa kuwa uvuguvugu wa beringi haujifunzwi kitabuni. Kisha daftari hufunguliwa na siku moja ya kazi huandikwa. Katika zile 1,472, moja imetumika. Na mtu mmoja zaidi amejifunza namna ya kuitumia.